Maharage ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Nimefundisha watu udereva tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi. Nimekaa kando ya wanafunzi waliofumba macho kwenye makutano, waliopiga honi badala ya kukata kona, na mmoja aliyetaka kushuka gari likiwa linatembea kwa sababu amemwona shangazi yake. Sijawahi kupata hata mchubuko. Jana mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha, nami nikateleza kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe na kuvunjika paja. Tena la kulia. Gari la kujifunzia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na hiyo ya mwalimu naikanyaga kwa mguu huu.

Wamenilaza wodi ya wanawake. Bati linapigwa na mvua mpaka mtu anayekusalimu inabidi arudie.

Jumanne, 4 Machi

Upasuaji kesho. Nina njaa na nimekatazwa kula.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa nina chuma ndani ya paja. Daktari, binti mwenye sauti ya chini, anasema kazi imekwenda vizuri. Baadaye Nesi alikuja kuuliza habari za chakula.

"Kuna kitu usichokula?"

"Nyama, samaki, mayai, maziwa. Na chochote kilichopikwa pamoja na hivyo."

Aliniangalia. "Ni dini?"

"Ni lori."

Ilibidi nimweleze, ingawa sipendi kueleza maana watu hucheka. Miaka kadhaa iliyopita nilikwama kwenye foleni na mwanafunzi wangu, nyuma ya lori la ng'ombe. Ng'ombe mmoja alikuwa nyuma kabisa, pua yake katikati ya mbao, ananitazama. Nikahamisha macho, nikayarudisha, bado ananitazama. Asubuhi yote ikaishia hapo. Foleni ilipoachia nikarudi nyumbani, nikafungua friji, nikashindwa. Nyama iliondoka siku ile ile. Mayai na maziwa vilifuata polepole, kila kimoja kwa wakati wake. Sijawahi kumhubiria mtu.

Nesi hakucheka. Aliuliza tu ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Nikajua huyu tutaelewana.

Ijumaa, 7 Machi

Mpishi wa hospitali anasukuma toroli lake mwenyewe. Analisukuma vizuri, anapunguza mwendo kwenye kona. Amefunua sahani yangu kwa madaha kabisa.

"Nimeambiwa huli nyama, mama. Nimezitoa zote. Moja moja, kwa kijiko."

Wali ulikuwa unaogelea kwenye mchuzi wa ng'ombe, mafuta yanang'aa juu. Mtu aliyekaa kukutolea nyama moja moja huwezi kumfokea. Nikamshukuru, nikala ndizi iliyokuwa pembeni.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuja. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo, Dada ndiye aliyenilea, na mpaka leo nikivuka barabara naye hunishika mkono. Amekuja amelowa mpaka magotini, na bakuli lake la kifuniko ameliweka ndani ya koti lisipate mvua. Supu ya mifupa.

"Dada, unajua siinywi."

"Najua ukiwa mzima huinywi. Sasa umevunjika."

"Mguu ndio umevunjika. Mimi niko vile vile."

Alikifunga kifuniko taratibu, mpaka kikalia. Miaka yote hii amelichukulia jambo langu kama mafua, kitu kitakachopita chenyewe. Nyumbani kwake nikienda ananiwekea maharage na mboga za majani, halafu mboga anazisogeza karibu na nyama, labda zitazoeana. Leo alikaa mpaka kengele ya wageni, tukaongea habari za mvua, na bakuli akarudi nalo limejaa. Aliondoka bila kunishika mkono. Nimeumia kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu, 10 Machi

Kitanda cha dirishani kimepata mwenyewe. Ni bibi mmoja mkavu, ana ufa kwenye nyonga na ugonjwa wa jongo. Daktari amempiga marufuku nyama na supu ya aina yoyote, maana vikiingia tu, dole gumba la mguu linavimba na usiku hakuna anayelala. Kwa hiyo mimi na yeye tunaletewa sahani zinazofanana. Mimi nimejinyima, yeye amenyimwa.

"Wewe umekatazwa na nani?" akaniuliza.

"Hakuna. Mwenyewe tu."

Bibi aligeuka akatazama dirishani muda mrefu. "Dunia hii ina mambo," akamwambia mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Wali na kabichi.

Ijumaa, 14 Machi

Kabichi na wali. Mpishi ameshaelewa habari ya mchuzi, lakini sasa ananiogopa. Kila kitu anakitokosa kwenye maji matupu, asije akanikosea tena. Nimeacha nusu. Bibi ameacha nusu na maneno juu.

Kwenye korido kuna mahali panapovuja, wameweka ndoo. Nikiwa nimelala naisikia ikijaa.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari amefungua bandeji, akanyamaza. Sipendi daktari anyamaze, ni kama mwanafunzi anaponyamaza ghafla kwenye mteremko. Kidonda hakifungi. Damu yangu iko chini. Amesema tutasubiri, lakini kikiendelea hivi mpaka katikati ya Aprili itabidi wanifungue tena wasafishe mpaka kwenye chuma, na hapo hanihakikishii kuwa mguu utarudi kama zamani.

"Unakula?"

"Nakula."

"Sahani zako zinarudi nusu."

Kabla ya kuondoka, Nesi aliweka kiganja chake kwenye unyayo wangu. "Kanyaga." Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, jasho likanitoka. "Haya, kanyaga sasa," akasema, akidhani bado sijaanza.

Dada alikuwepo. Amesikia yote.

Jumatano, 19 Machi

Dada amerudi na bakuli lile lile. Nilipoliona tu nikajiandaa kugombana.

"Tulia basi," akasema. "Sikuletei ugomvi. Ni maharage."

Maharage! Mazito, mekundu, yana kitunguu na karoti, yameiva mpaka yanapondeka kwa ulimi. Nimekula kama mtu aliyetoka kuchimba mtaro. Ameleta ya watu wawili, maana hajui kulisha kitanda kimoja kitanda cha pili kikitazama. Nilimwambia Dada kwamba Bibi naye hali nyama, nikamwambia Bibi ale bila wasiwasi. Bibi alionja kijiko cha kwanza, akafumba macho, akakaa hivyo kwa muda. "Mungu akubariki, mwanangu," akamwambia Dada kwa sauti ya kutetemeka. Nikadhani ni shukrani za uzee.

Dada naye alikuwa ananitazama mimi ninavyotafuna. Nimefurahi sana leo. Dada yangu amenikubali.

Alhamisi, 20 Machi

Maharage. Mvua. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Maharage tena. Bibi sasa anaulizia saa ya wageni kuanzia alfajiri. Leo amepangusa bakuli kwa kidole.

Nimemwambia Dada hakuna hoteli inayoweza kupika hivi. Akainama kutafuta kitu kwenye mkoba, na kitu chenyewe hakukipata.

Jumanne, 25 Machi

Damu imepanda! Si sana, lakini Daktari ametabasamu, na kidonda kimeanza kuwa chekundu kando kando, rangi anayoitaka yeye. "Chochote unachokula, endelea nacho." Nilimpigia Dada simu palepale. Alilia. Nikamwambia, unaona sasa, na bila mnyama hata mmoja. Akasema mtandao unasumbua, simu ikakatika.

Ijumaa, 28 Machi

Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani sitalala.

Asubuhi Bibi aliamka analia. Dole gumba limevimba, jekundu, hata shuka likiligusa anapiga kelele. Daktari akaja mbio, akamuuliza amekula nini. Kabichi ya jikoni, akasema Bibi. Na kitu gani kingine? Bibi akanitazama, akatazama dari, akasema, "Maharage ya dada yake Mwalimu."

"Maharage peke yake hayakufanyi hivi," Daktari akasema. "Yalipikwa na nini?"

Nikajibu mimi, kwa kifua mbele kabisa: "Maji, kitunguu, karoti na chumvi. Dada yangu hawezi kuweka kitu kingine."

Saa ya wageni Dada akaingia na bakuli. Daktari alikuwa bado yupo. Alimuuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Dada alisimama pale na koti linachuruzika, akamtazama Bibi, akaona lile dole, akaweka bakuli sakafuni.

"Supu ya mifupa," akasema. "Naichemsha usiku, nachuja, halafu ndiyo napikia maharage."

Wodi nzima ilisikia, hata bati lilikuwa limenyamaza kwa dakika hiyo.

"Na huyu Bibi umemlisha ukijua anakatazwa?"

"Sikujua! Nilidhani mdogo wangu amemwambukiza hizi habari zake. Nikasema basi, nitawaokoa wote wawili."

Daktari aliondoka kwenda kuandika dawa. Kilichotoka kinywani mwangu baada ya hapo kilikuwa kibaya. Nilimwambia kwamba mtu mzima haibiwi kinywa chake. Kwamba nimekula kwa furaha, nimemsifu mbele za watu, naye ananitazama tu. Kwamba amenifanya mtoto.

"Wewe ni mtoto wangu," akasema.

"Mimi si mtoto wako. Mama yangu alikufa."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, hakujali mguu wangu. Halafu akasema jambo ambalo hajawahi kunieleza, na tumeishi pamoja miaka yote hiyo.

"Mama alipolazwa, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Wewe ulikuwa unabaki kwa jirani. Kila siku napika, napeleka, hali. Anasema ataonja baadaye. Narudi na bakuli limejaa. Nilikuwa nalifunika kwa kitambaa nikipita njiani, watu wasione kwamba mama yetu hali. Wananiuliza, anaendeleaje? Nasema leo amekula vizuri. Mpaka siku niliyofika nikakuta kitanda kimetandikwa." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Nimeona sahani zako zinarudi nusu. Sikuweza. Nisamehe au usinisamehe, lakini sikuweza."

Nilipaswa kumshika mkono. Nilikuwa bado na hasira, nikageuzia uso ukutani. Nilisikia kifuniko, nikasikia viatu vyake vyenye maji vikienda mpaka mwisho wa korido.

Jumamosi, 29 Machi

Hajaja.

Jumapili, 30 Machi

Hajaja. Mvua kubwa. Ndoo ya korido imemwagika usiku, watu wamepita wakiburuta maji kwa ndara mpaka mlangoni kwetu.

Bibi anapata nafuu. Leo amekiri.

"Nilijua tangu kijiko cha kwanza, Mwalimu. Ulimi wangu haujazeeka."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema ningepewa kabichi." Hakuona haya hata kidogo. Kisha akaongeza, taratibu: "Mimi nina watoto wanne. Hakuna hata mmoja anayekesha kuchemsha mifupa kwa ajili yangu. Mkasirikie dada yako, ni haki yako. Lakini usichelewe."

Jumanne, 1 Aprili

Jambo geni. Mpishi alikuja bila toroli, akasimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi siku ya mtihani. Habari za maharage zimemfikia jikoni.

"Mama, kumbe unapenda chakula chenye nguvu. Mimi nilidhani watu wa namna yako mnapenda hivyo hivyo, kitu laini, cha majani."

Tukacheka wote wawili. Nikamweleza: dengu, maharage, karanga, mafuta ya kutosha, kitunguu kikaangwe mpaka kibadilike rangi ndipo nyanya iingie. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila kiungo. Jioni ameniletea dengu kwenye kikaango kidogo alichokitenga, nimemaliza. Ametazama sahani, akaenda zake akipiga mluzi.

Nimempigia Dada. Simu inaita mpaka inakata.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemuuliza Daktari swali ambalo limenikaa kooni. Kilichonipandisha damu ni ile supu?

"Huenda imechangia," akasema. "Na vidonge vya kuongeza damu tunavyokupa vimechangia. Na maharage yenyewe. Lakini zaidi ni kwamba ulianza kumaliza chakula. Ulipokuja hapa ulikuwa unakula chakula cha kuku mmoja."

Basi huenda supu ilisaidia. Nimeliandika na kalamu haijavunjika. Siitaki tena hata hivyo, na bado naona Dada alinikosea. Ila kila nikijaribu kuendelea kukasirika namwona msichana amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa, anawaambia watu uongo njiani ili mama yake aonekane mzima. Na mimi wakati huo nilikuwa kwa jirani, nacheza.

Ijumaa, 4 Aprili

Amepokea. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Yote yalinitoka kichwani.

"Dada, nina njaa."

Nilisikia mvua ya upande wake ikijibizana na mvua ya upande wangu.

"Njaa ya nini?" akauliza mwishowe.

"Ya maharage yako. Yasiyo na mnyama."

"Sijui kuyapika hayo," akasema. "Maisha yangu yote nayapika na supu. Nimekuambia siku zote ni maji, lakini nimekuwa nadanganya tangu uache nyama."

Tangu niache nyama! Nimecheka mpaka Bibi akaamka. Miaka yote hii, kila sherehe, kila nilipomtembelea. Nimejiona mwanamke mwenye msimamo, kumbe msimamo wenyewe Dada alikuwa anaukoroga kwa mwiko. Nilitegemea nitakasirika upya. Sikuweza, nimechoka kumkosa.

"Basi nitakufundisha," nikamwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Mlango wa wodi ulifunguliwa kwanza na sufuria. Mpya, inang'aa, bado ina alama ya gundi ya dukani. Juu ya kifuniko, imefungwa kwa kamba, palikuwa na kibao cheupe chenye herufi nyekundu ya L. Kibao cha gari langu!

"Nimekiondoa nyuma ya gari," Dada akasema, hajaketi bado. "Wewe hukitumii sasa hivi. Mwanafunzi ni mimi."

Wodi nzima iliangua kicheko. Nesi alikuja kutazama, Bibi alidai kibao kiletwe karibu akishike. Dada mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko kama mtu anayesubiri hukumu.

"Sufuria zangu zote zimeshazoea mifupa," akasema. "Hii haijagusa kitu. Nimepika mbele ya jirani yangu, ashuhudie. Onja. Ukiona ninakosea, kanyaga breki yako."

Nikaonja. Tuseme ukweli, yalikuwa mabovu. Chumvi imejificha, kitunguu kibichi, mchuzi unakimbia. Dada ni mpishi anayeitwa kwenye shughuli za watu wa mitaa mitatu, na maharage yake ya kwanza yasiyo na supu yalikuwa ya mtoto anayejifunza kuwasha jiko.

"Vipi?"

"Umekata kona mapema. Kitunguu hakijaiva."

"Nilijua!"

"Na mafuta umeyaogopa. Mafuta ya mbegu hayana dhambi, Dada, tia."

Alisikiliza kwa makini, midomo inarudia maneno yangu. Alipohakikisha nimemaliza kumkosoa, akachukua kijiko cha pili akala na mimi, kutoka sufuria ile ile, akakunja uso. "Mabaya kweli," akasema. Tukaendelea kula. Bibi alipewa bakuli lake, akala kwa huzuni kubwa, akasema dole lake linashukuru lakini yeye mwenyewe hashukuru.

Kengele ilipolia Dada alinishika mkono. Aliushika mpaka Nesi alipomfuata.

Jumanne, 8 Aprili

Maharage. Kitunguu kimeiva. Chumvi bado ana woga nayo.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo yamefika. Hata Bibi amekubali. Mpishi naye alipita, akaomba kijiko, yeye na Dada wakabishana juu ya nyanya mpaka toroli likapoa.

Mvua imepungua. Ndoo ya korido inadondokewa mara moja moja.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya bandeji. Daktari alikuja wakati Dada yupo, tukasema afadhali, tusikie pamoja. Alifungua kidogo kidogo. Dada hakutazama kidonda, alinitazama usoni akisoma kwangu. Sikuwa na cha kumsomesha, maana na mimi nilikuwa namtazama yeye.

"Kimefunga," Daktari akasema.

Alikibonyeza pembeni, akakibonyeza tena. Kimefunga. Hakuna kufunguliwa tena. Wiki ijayo nitaanza kusimama kwa magongo. Dada aliomba arudie, ingawa mvua haikuwepo na kila mtu alikuwa amesikia.

Nesi akasogea kuweka kiganja kwenye unyayo wangu kama kawaida yake. Dada akamsukuma kwa kiuno.

"Hebu nipishe, binti." Akakaa miguuni pa kitanda, akavua saa, akaegesha kiganja chake kwenye unyayo wangu. Kiganja kile nakijua, kigumu kwa mwiko, kilichonifunga viatu vyote vya utoto wangu. Akanitazama. Kisha akapiga kelele kwa sauti ninayoitumia mimi kwa wanafunzi, nadhani aliisikia siku alizokuwa akipita uwanja wangu wa mafunzo: "Breki!"

Nikakanyaga. Iliuma. Mkono wa Dada ulirudi nyuma, kiwiko kikagusa tumbo lake, na nikaendelea kukanyaga mpaka akaanza kuteleza kwenye shuka.

"Inatosha! Gari limesimama!" akasema, anacheka na kulia kwa pamoja.

Tulikula baada ya hapo, mimi na yeye na Bibi, mpaka kijiko kikakwangua chini. Leo alikuwa amerudi na bakuli lake la zamani la kifuniko, amelisugua kwa mchanga na maji ya moto mpaka limebadilika rangi. Kengele ilipolia, kifuniko akakitia kwenye mkoba. Bakuli akalibeba mkononi, wazi, limeinamishwa kidogo mbele, na akapita nalo korido yote polepole, akisalimia kila mtu, ili waone kwamba halina kitu ndani.